Mkandarasi wa Kazi za Ndani Hapimwi kwa Mwiko Peke Yake

Mtu apandaye kilima cha Makindye kutoka Kibuye, akaipita kambi ya Polisi wa Jeshi na kuendelea upande wa Lukuli au Salaama, hukutana na sura moja inayojirudia: nyumba zilizokwisha kusimama, kuta zake zimekamilika na mabati yake yang'aa juani, lakini ndani yake hamna lipu, hamna dari wala taa. Baadhi ya maboma hayo hukaa hivyo miaka mingi, nyasi zikiota mlangoni, kwa kuwa fedha zilikwisha pale ambapo mwenyewe alidhani kwamba kazi kubwa imekwisha.

Maboma hayo yanawahusu askari wetu kwa njia mbili. Askari wengi hujenga kwa mikopo ya vyama vyao vya akiba, wanajeshi kwa Wazalendo na polisi kwa Exodus, na kila mwenye mkopo ataka kuiona nyumba yake ikikaliwa kabla hajastaafu. Polisi waliopata kuishi katika kambi ya Nsambya, iliyomo humu humu katika Divisheni ya Makindye, hawahitaji kuelezwa kiu hiyo. Vibanda vya mabati walivyopewa polisi wa Uganda kwa miaka mingi viliitwa "mama ingia pole", maana mlango wake ulimlazimisha aingiaye kuinamisha kichwa. Aliyeishi humo hafikirii nyumba yake kwa kuta peke yake. Aifikiria kwa dari iliyo juu ya kichwa chake na kwa sakafu isiyopitisha maji.

Njia ya pili ndiyo hasa tunayotaka kuizungumzia hapa. Askari anapolivua gwanda na kupokea kiinua mgongo, mara nyingi huitafuta biashara aijuayo, na wako wanaoingia katika ukandarasi wa kazi za ndani ya nyumba: lipu, dari, vigae, mabomba, nyaya za umeme, milango na rangi. Kazi hiyo humvutia kwa sababu haidai mashine kubwa. Yataka watu wanne au watano wenye mikono mizuri, gari la kukodi, na mtu wa kuwasimamia. Usimamizi, ndugu zetu wanaujua. Hata hivyo ni kazi hiyo hiyo inayoweza kukimeza kiinua mgongo cha miaka ishirini kwa muda wa miezi sita, na hali mafundi wote walikuwa hodari. Jambo hili lataka kuelezwa kwa kirefu.

HESABU YA SAJINI

Tuseme sajini mmoja mstaafu amepata kazi ya kumalizia nyumba ya vyumba vinne, na bei iliyokubaliwa ni shilingi 18,000,000. Ameketi na kupiga hesabu: vifaa vitakula shilingi 11,000,000, na malipo ya mafundi na vibarua shilingi 4,500,000. Inabaki shilingi 2,500,000, naye ameridhika, kwa sababu kazi ni ya miezi miwili.

Lakini mkataba wake, kama ilivyo mikataba mingi ya ujenzi, umempa mwenye nyumba haki ya kuzuia asilimia kumi ya bei kwa muda wa miezi sita baada ya kazi kukabidhiwa, ili kasoro zikitokea mkandarasi arudi kuzitengeneza. Asilimia kumi ya shilingi 18,000,000 ni shilingi 1,800,000. Basi siku ya kukabidhi funguo, sajini huyu hana mkononi shilingi 2,500,000. Anazo shilingi 700,000. Tena, katika miezi ile miwili bei ya vigae na saruji imepanda, na vifaa vyote vimezidi kwa asilimia kumi, yaani shilingi 1,100,000. Zile 700,000 zimekwisha, naye anadaiwa shilingi 400,000 dukani. Hajavunja kitu na hajamdhulumu mtu. Kosa lake ni kwamba mkataba aliutia sahihi bila kuusoma kama asomavyo amri ya operesheni.

Sasa tuiongeze ajali. Kibarua aliyekuwa akipiga lipu ya dari ameanguka kutoka jukwaani na kuvunjika mgongo, asiweze tena kufanya kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda, ya mwaka 2000, yasema kwamba mwajiri ndiye atakayelipa, na kiasi cha fidia kwa aliyefariki na kuacha wategemezi, au kwa aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, ni mshahara wa miezi 60. Ikiwa kibarua huyo alikuwa akipata shilingi 600,000 kwa mwezi, fidia ni shilingi 36,000,000. Ni mara mbili ya bei ya mkataba mzima. Wala haitamfaa sajini kusimama mahakamani na kudai kwamba kijana alikuwa mzembe, kwa kuwa sheria hiyo humpa mfanyakazi haki yake hata pale ambapo uzembe ulikuwa wa kwake mwenyewe.

Hapa askari wengi hukosea njia, na kosa lao laeleweka. Sheria hiyo haimhusu mwanajeshi aliye katika utumishi. Mambo yake hushughulikiwa kwa taratibu za jeshi. Kwa hiyo mtu aliyekaa jeshini tangu ujana wake hakupata kuisikia ikitajwa gwarideni. Lakini siku anapomwajiri kijana wa kumchanganyia mchanga, yeye amekuwa mwajiri kama waajiri wengine, awe amestaafu au bado amevaa sare na anajenga nyumba yake mwenyewe mwisho wa juma. Sheria hiyo hiyo yamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Ada ya bima huonekana kuwa fedha ya kutupa mpaka mtu ailinganishe na zile shilingi 36,000,000.

Basi bei yataka ijengwe upya. Mkandarasi aliyefundishwa huweka ndani ya bei yake fungu la kupanda kwa gharama, fungu la bima, fungu la vifaa vya kinga, na hujua kwamba lile fungu lililozuiwa halimo mfukoni mwake. Huandika pia kwamba bei aliyotoa ni ya siku kadhaa tu, na kwamba kazi itakayoongezwa na mwenye nyumba italipwa kando, kwa maandishi. Jambo hili la mwisho latajwa kwa makusudi. Mwenye nyumba huja siku ya Jumapili na mkewe, wakaona mlango ungefaa kuhamishwa upande wa pili, na vigae vya jikoni vingependeza vikifika darini. Fundi huitikia kwa adabu, na mwisho wa kazi hapana anayekumbuka nani alisema nini. Neno la mdomo halina shahidi.

MAKADIRIO YA HALI KABLA YA NYUNDO YA KWANZA

Hapana ofisa anayepeleka kikosi mbele bila upelelezi. Huuliza adui yuko wapi, ardhi ikoje, nguvu zetu ni zipi, na likitokea lisilotazamiwa tutarudi kwa njia gani. Waalimu wa ukandarasi hufundisha jambo lilo hilo kwa lugha ya darasani: orodhesha hatari, pima uzito wa kila moja na uwezekano wake wa kutokea, kisha uamue ipi utaiondoa, ipi utaipunguza, ipi utamkabidhi mwingine kama vile kampuni ya bima, na ipi utaikubali ukiwa macho. Mwanajeshi au polisi anayelisikia somo hilo kwa mara ya kwanza hutambua kwamba amelifanya maishani mwake mwote bila kuliita jina.

Katika nyumba mpya upelelezi ni mwepesi. Ugumu u katika nyumba ya zamani inayofanyiwa ukarabati, na Makindye ina nyumba nyingi za namna hiyo. Kabla ya kuvunja ukuta wowote, mkandarasi sharti ajue kama ukuta huo unabeba mzigo wa juu au unagawa vyumba tu. Asipojua, amwite mhandisi, kwa kuwa jicho halitoshi. Sharti ajue nyaya zinapita wapi na azime umeme katika kisanduku kikuu, afunge kisanduku hicho kwa kufuli na ufunguo autie mfukoni mwake. Kuwaambia watu "msiwashe" si kinga. Sharti achunguze pia kama dari au paa ni la asbesto, yale mabapa magumu ya kijivu yaliyotumika sana katika majengo ya serikali na ya mashirika ya zamani. Asbesto iliyotulia, isiyovunjika, haina hatari kubwa. Lakini ikikatwa kwa msumeno au kuvunjwa kwa nyundo hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, nazo zikikaa mapafuni huleta saratani baada ya miaka mingi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Mkandarasi asiye na mafunzo wala vifaa vya kuiondoa na aseme wazi kwamba kazi hiyo si yake. Hakuna aibu katika kurudi nyuma mbele ya uwanja uliotegwa mabomu.

YALE YANAYOFUNIKWA

Kazi za ndani zina tabia moja inayozitenga na kazi nyingine zote za ujenzi: kila fundi huificha kazi ya mwenzake. Lipu huficha mabomba ya nyaya. Vigae huficha bomba la maji. Dari huficha vyuma vinavyoishika. Rangi huficha lipu yenyewe. Kwa hiyo kasoro haionekani siku ya kukabidhi, siku ambayo kila kitu hung'aa. Huonekana mwezi wa nne, pale doa la maji linapojitokeza ukutani, au usiku ule soketi inapoanza kutoa moshi nyuma ya kabati. Elimu yote ya mkandarasi wa kazi za ndani, kwa maoni yetu, yaweza kuanzia hapa: kitu kisifunikwe kabla hakijakaguliwa na kuandikwa.

Tuchukue mabomba. Kabla ya kuyafunika, hujazwa maji na kusukumwa kwa nguvu iliyo kubwa kuliko ile itakayotumika, kwa kawaida mara moja na nusu, kisha kipimo huachwa saa kadhaa kuona kama mshale utashuka. Sakafu ya bafu, baada ya kupakwa dawa ya kuzuia maji na kabla ya vigae, huzibwa tundu lake, hutiwa maji na kuachwa usiku na mchana. Kazi hiyo hugharimu ndoo chache za maji. Asiyeifanya, akaja kubomoa vigae baadaye kutafuta mvujo mmoja, hulipa vigae mara mbili, na fundi mara mbili, na hupoteza jina lake mara moja.

Nyaya za umeme zataka kusemwa kwa ukali zaidi. Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 240, na mkondo mdogo sana ukipita kifuani waweza kuusimamisha moyo. Kwa ajili hiyo hutengenezwa swichi ya usalama inayokata umeme pale mkondo unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30, nayo haifai kukosekana katika nyumba yoyote inayokaliwa na watoto. Waya wa ardhi ufike ardhini kweli, kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa nje. Usiishie ndani ya ukuta kama mapambo. Kwa desturi taa hupewa waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi waya wa 2.5, na fundi anayepunguza unene ili kuokoa fedha za mwenye nyumba amemwekea moto ukutani. Masokoni huuzwa pia waya wa alumini wenye ganda jembamba la shaba, unaong'aa sawa na wa shaba tupu. Ukikwaruzwa kwa kisu huonyesha weupe ndani. Mnunuzi na aitazame alama ya herufi Q ya Shirika la Viwango la Taifa, na risiti aiweke.

Tena, si kila ajuaye kuunganisha waya ana ruhusa ya kufanya hivyo. Nchini Uganda kibali cha ufundi wa nyaya hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ijulikanayo kwa herufi ERA, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 1999, nacho kina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Mkandarasi akimkodi fundi wa umeme, jambo la kwanza la kumwomba ni kibali hicho, na nambari yake iandikwe daftarini. Polisi anayemsimamisha dereva barabarani huomba leseni kabla ya kuuliza aendako; utaratibu ndio huo huo.

Lipu hudharauliwa kwa kuwa kila mtu amepata kuiona ikipigwa. Ukweli ni kwamba nyufa nyingi katika nyumba zetu hutokana na haraka. Mchanga wenye udongo ndani yake, saruji inayopimwa kwa jicho badala ya sanduku, ukuta mkavu unaoinywa lipu maji yake kabla haijashika: hizo ndizo sababu. Kipimo cha sehemu moja ya saruji kwa sehemu nne za mchanga chatosha kwa kuta za ndani. Ukuta unyunyiziwe maji kwanza, na lipu ikishakauka kiasi cha kushikwa, inyweshwe maji kwa siku saba. Rangi ya mafuta ingoje mpaka unyevu utoke, muda wa wiki nne hivi. Mwenye nyumba atalalamika kwamba kazi inachelewa, na ni wajibu wa mkandarasi kumwambia tangu siku ya kwanza kwamba siku hizo zimo ndani ya ratiba na kwamba hazilipiwi kwa haraka.

Kuna jambo moja linalowagusa hasa ndugu zetu wa Zimamoto, ambao ni idara ya Polisi. Karibu kila dirisha la Kampala lina vyuma vya kuzuia wezi. Vyuma vilivyopigwa lipu pande zote nne humzuia mwizi asiingie, na moto ukiwaka humzuia mtoto asitoke. Tarehe 14 Aprili 2008 moto uliteketeza bweni la shule ya msingi ya Budo, wakafa watu wapatao 20, wengi wao wasichana wadogo, na taifa zima likajifunza kwa machozi maana ya njia ya kutokea. Mkandarasi wa kazi za ndani ndiye anayeamua mlango utafunguka kuelekea wapi na dirisha lipi litakuwa na vyuma vyenye bawaba na ufunguo unaopatikana upande wa ndani. Divisheni ya Makindye ina bahati ya kuwa na Katwe, mji wa mafundi wa chuma tangu zamani; bawaba mbili na komeo kwa dirisha moja la kila chumba cha kulala si kazi ya kumshinda fundi yeyote wa pale. Kinachokosekana ni mtu wa kuziagiza.

Juu ya afya ya mafundi wenyewe tutasema kwa ufupi. Mashine ya kukatia vigae ikitumika pakavu hutoa vumbi la mawe ambalo, likivutwa miaka mingi, huyafanya mapafu kuwa magumu. Kata kwa maji, na barakoa ya kweli ivaliwe, si kitambaa cha kufungia pua. Saruji mbichi huunguza ngozi. Tina na rangi za mafuta zikae mbali na mtu anayechomelea. Ngazi iegemezwe kwa kipimo cha mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kimo, na jukwaa la miti ya mikaratusi lifungwe kwa kamba mpya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumkata mfanyakazi hata senti, na atoe taarifa ya ajali kwa wakuu wanaohusika.

CHEO HAKISHIKI PIMA MAJI

Tumewasikia baadhi ya wastaafu wakisema kwamba nidhamu ya jeshi inatosha. Haitoshi. Nidhamu humfanya mtu afike kazini saa kumi na mbili asubuhi; haimfundishi kusoma mchoro wa nyaya wala kukadiria vigae vya sakafu yenye pembe. Cheo alichokuwa nacho mtu kambini hakishiki pima maji. Kwa upande mwingine, kuna mafundi wa mitaani wenye ustadi wa miaka mingi ambao hawajui kuandika mkataba wa ukurasa mmoja. Kila upande wakosa nusu.

Majirani zetu waliliona jambo hili, nao walitunga sheria. Tanzania iliunda Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa sheria ya mwaka 1997, na bodi hiyo, mbali ya kuwasajili na kuwaadhibu, huwafundisha. Kenya iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kwa sheria ya mwaka 2011. Hiyo huwaandikisha makandarasi kwa madaraja manane, na huwatambua pia mafundi na wasimamizi wa kazi, ili fundi wa vigae naye awe na karatasi inayomsema ni nani. Uganda ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Majengo mwaka 2013, iliyoleta Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo pamoja na kamati za ujenzi katika wilaya na miji. Kwa sheria hiyo jengo huanza kwa kibali cha kujenga, na likimalizika halikaliwi mpaka lipate kibali cha kukaliwa. Wakandarasi wa kazi za ndani hupenda kudhani kwamba vibali ni shauri la aliyejenga boma. Lakini mkaguzi anayekuja mwishoni hutazama nyaya, ngazi, milango na maji taka, yaani kazi zao wao.

Ziko njia za kujifunza zisizomtaka mtu mzima arudi kukaa na watoto darasani miaka mitatu. Chuo cha ufundi cha Nakawa, kilichoanzishwa mwaka 1971, kimelea vizazi vya mafundi wa umeme, mabomba na useremala. Kwa fundi aliyejifunza kazi kwa mikono yake bila kupita shuleni, Idara ya Mafunzo ya Viwandani ilianzisha hati ya ujuzi wa vitendo: mtu hujaribiwa katika kazi aijuayo, akifaulu hupewa hati inayotambuliwa, bila kuulizwa alifika darasa la ngapi. Kwa kuwa taasisi za mitihani ya ufundi zimepangwa upya katika miaka ya karibuni, atakaye hati hiyo na aulize kwanza ni ofisi ipi inayoitoa sasa. Upande wa biashara, yaani mikataba, kodi, bima na makadirio, waweza kujifunzwa katika kozi fupi na katika Chama cha Taifa cha Wakandarasi wa Majenzi, UNABCEC. Wakati mzuri wa kuanza masomo hayo ni mwaka mmoja au miwili kabla ya kustaafu, kwa ruhusa ya mkuu wa kikosi, wakati mshahara bado unaingia. Mtu anayesoma baada ya kulipwa kiinua mgongo husoma huku fedha zikiyeyuka.

KITABU CHA MATUKIO

Silaha moja askari huingia nayo katika ukandarasi akiwa amekwisha kuizoea, nayo ni kalamu ya zamu. Katika kila kituo cha polisi kuna kitabu cha matukio, na katika kila lindo la jeshi kuna daftari la kukabidhiana. Aingiaye zamu huandika alichokikuta; atokaye huandika alichokiacha, na wote wawili hutia sahihi. Raia wengi walio katika biashara hii hawana mazoea hayo, ndiyo maana magomvi yao huishia kwa wakili au kwa ngumi.

Mkandarasi na awe na daftari la namna hiyo, likae kazini na wala lisipelekwe nyumbani. Kila asubuhi iandikwe tarehe, hali ya hewa, majina ya waliofika, vifaa vilivyoingia na kutoka bohari. Iandikwe kila ajali, hata kidole kilichokatwa, na kila ajali iliyokosa kutokea kwa bahati, kama vile tofali lililoanguka pasipo mtu. Ajali ya namna hii ya pili ndiyo ya thamani kubwa, kwa kuwa imetoa onyo bila kudai malipo. Yaandikwe maagizo ya mwenye nyumba, naye atie sahihi pale pale. Na kila mara kitu kinapokaribia kufunikwa, iandikwe nani amekikagua na saa ngapi, na picha ipigwe kwa simu ukuta ungali wazi, huku kipimo cha futi kimewekwa kando ya bomba ili umbali wake kutoka pembe ya chumba uonekane.

Picha hizo, pamoja na mchoro wa njia za nyaya na mabomba kama zilivyopita kweli, mkandarasi huzikabidhi siku ya mwisho pamoja na funguo, hati ya fundi wa umeme na orodha ya rangi zilizotumika. Nakala ya mchoro hubandikwa upande wa ndani wa mlango wa kisanduku cha umeme. Huko ndiko atakakoutafuta mpangaji wa miaka kumi ijayo, akiwa na drili mkononi, ataka kutundika picha ya harusi yake ukutani.